Mto Ndio Uliohama

Katika kijiji kimoja cha Kyela, mzee alinionyesha shamba lake la mpunga ng'ambo ya Mto Songwe. Songwe ni mpaka wetu na Malawi, na mafuriko makubwa yakija huweza kujichimbia njia mpya kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. "Shamba lililala Tanzania, likaamka Malawi," aliniambia. "Lakini halijasogea hata hatua, mjukuu wangu. Mto ndio uliohama."

Nilimrekodi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nikaihifadhi sauti yake kwenye diski ya nje. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Siku moja nilichomeka diski mpya ili niifomati. Kompyuta yangu inatumia Linux, ambayo huzipa diski majina kwa kadiri inavyozigundua: sda, sdb, sdc. Ile mpya ilikuwa sdc. Umeme ukakatika. Nilipowasha tena, diski ziligunduliwa kwa mpangilio mwingine, nami sikuangalia. Niliandika amri ya kufomati sdc. Mfumo ukaniuliza kama niendelee. Nikajibu ndiyo.

Baadaye nilijifunza kwamba lipo jina la kudumu, UUID: namba ya biti 128 iliyoandikwa ndani ya diski, isiyojali imechomekwa wapi wala imegunduliwa ya ngapi. Ningelitumia hilo, nisingekosea. Nilifarijika kwa muda: kumbe tatizo lilikuwa jina.

Faraja hiyo haikudumu. Kufomati huandika UUID mpya, kwa hiyo hata jina hilo la kudumu lilikuwa limefutika pamoja na sauti. Namba ya kiwandani, kwa upande wake, ilibaki ile ile. Kwa kiwanda, hakuna kilichopotea. Kwangu, kilichobaki kilikuwa chuma tu.

Tangu hapo nimeacha kuuliza jina lipi ni la kweli. Nauliza: jina hili linalinda nini? Ramani hulijua shamba kwa upande wa mto lilipo. Mzee alilijua kwa baba yake aliyelifyeka. Majina yote mawili yana kazi, ila moja tu ndilo lingeweza kuhuzunika. Nami, mbele ya diski ile, nilitumia jina la foleni kwa kitu nilichopaswa kukijua kwa mwenyewe. Mashine iliniuliza, mvivu nilikuwa mimi.

Mzee alikuwa ameshafariki niliporudi Kyela kumweleza binti yake. Nilianza kumfafanulia habari za diski. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza swali moja: "Unakumbuka alisema nini?"

Nilimwambia ile sentensi ya mto. Akaniomba niirudie. Nikairudia, polepole, nikijaribu kuiga mahali mzee alipovuta pumzi, na sikuwa na uhakika.