Mlinzi Akiondolewa Mlangoni

Ndugu zetu wameuliza: je, yafaa kulegeza sheria inayolinda viumbe vilivyo karibu kutoweka, ili watu wapate mashamba na barabara? Suala hili si la watu wa bara peke yao.

Tuitazame nchi ya Meru na Embu. Katika miteremko ya Mlima Kenya huota mti uitwao muuru, ulio jamaa moja na mfudu wetu wa pwani. Mbao zake ni nzuri kwa samani, na kwa uzuri huo umekatwa hata ukahesabiwa miongoni mwa miti iliyo hatarini. Msitu huo huo ndio unaotunza mito iingiayo Tana, na Tana hushuka mpaka Kipini, ikawanywesha wakulima wa mpunga wa huku kwetu.

Sheria ya misitu ya mwaka 2016 yasema: mwenye kutaka mpaka wa msitu wa umma ubadilishwe sharti athibitishe kuwa viumbe adimu havitahatarishwa wala vyanzo vya maji havitadhurika, na ombi lake lisifike Bungeni ila kwa pendekezo la Shirika la Misitu. Mwaka 2021 uliletwa mswada wa kulifuta sharti hili la pili. Watu wakaupinga, wala haukuwa sheria. Lakini hoja zake zingali zasemwa, nazo zataka jawabu.

Walisema kwanza: kila raia ana haki ya kupeleka ombi Bungeni, basi kwa nini azuiwe mlangoni? Twajibu kwa jambo mlijualo. Mtu aweza kuomba shamba la wakfu libadilishwe kwa jingine. Lakini kadhi hakubali mpaka awaulize wajuzi, wapime kama wakfu utapata hasara. Haki ya kuomba haiondoi haja ya shahidi. Maneno ya kulinda viumbe adimu yangebaki kitabuni, ila mjuzi wa kuyapima angeondolewa. Nasi watu wa pwani twajua wakfu usio na msimamizi mwaminifu huishia wapi: karatasi zingalipo, na shamba limekwisha kuliwa.

Wasema pili: mwanadamu ni bora kuliko mti na mnyama. Hilo hatulikani, na mtu wa Meru au Embu asiye na ardhi ana haki ya kusikilizwa. Lakini tuulize ni nani hasa hupata ardhi hiyo. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa takriban hekta 67,000 katika misitu iliyohifadhiwa, ikatajwa kuwa ni kwa ajili ya wasio na makao. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ikaonyesha jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwamo, ilivyogawiwa wenye vyeo na jamaa zao. Basi jina la maskini lisifanywe ufunguo wa tajiri.

Sisi hatukatazi maendeleo. Shamba lililochoka hupumzishwa likalimwa tena, na barabara mbovu hutengenezwa. Bali kiumbe kilichokwisha duniani hakuna Bunge liwezalo kukirudisha. Jambo lisilo na marejeo halifai kuamuliwa kwa pupa, wala bila shahidi. Alichoumba Mwenyezi Mungu tumekabidhiwa kwa amana, na aliyekabidhiwa ataulizwa.

Basi mswada wa namna hii ukirudi, msiseme ni mambo ya mlimani. Maji mnywayo hutoka huko.