Fimbo ya mtoto wa miaka miwili imetoka kwenye dalili gani?



Mwezi uliopita mama mmoja alimleta mwanawe madrasa ninapofundisha. Mtoto ana miaka miwili na miezi minane. “Ustadh, huyu mnyooshe tu, fimbo nitaleta mwenyewe,” alisema, na hakuwa anatania. Kosa la mtoto ni kwamba kila akiambiwa neno hujibu “sitaki”, akinyimwa kitu hugaragara chini, na hataki dada yake aguse chake.

Nilimwambia, dada yangu, huo si ukaidi, ni umri. Mtoto wa miaka miwili anajua anachotaka lakini maneno ya kukieleza hana. Ndiyo kwanza anaunganisha mawili, “mama maji”. Akishikwa na njaa au usingizi, kilio ndiyo lugha yake. Na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia hukomaa polepole mno, mpaka mtu amepita miaka ishirini. Kumtaka huyu awe na subira ya mtu mzima ni kumdai asichopewa bado.

Ndugu zangu, sote tumesikia jinsi Mtume (s.a.w.) alivyorefusha sijda mpaka Maswahaba wakadhani kumetokea jambo. Alipoulizwa, akaeleza kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Huyo ni imamu, nyuma yake kuna safu za watu! Leo mtoto akikatiza mbele ya safu msikitini, baba yake hukemewa mpaka Ijumaa inayofuata anaona haya kuja naye. Na kuamrisha Swala tumeelekezwa tuanze mtoto akiwa na miaka saba. Sasa huyu wa miwili, fimbo yake imetoka kwenye dalili gani?

Nami nisijitoe. Binti yangu alipokuwa na mwaka na nusu alimwaga chai juu ya madaftari ya wanafunzi wangu, nikamchapa mkononi. Hakujifunza lolote kuhusu chai. Alichojifunza ni kunikimbia kila akiniona nimeshika kalamu, na ilichukua siku kadhaa kuja tena mapajani.

Sisemi mtoto aachiwe. Akikimbilia barabarani mshike, akishika kisu mnyang’anye, na ukisema hapana iwe hapana hata akigaragara. Kaa karibu naye, nyamaza, atamaliza. Kumpa simu ili anyamaze ni kuahirisha tu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri wa chini ya miaka miwili wasikalishwe mbele ya skrini, na wa miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Lakini pia si kila kitu ni umri. Mtoto asiyetembea akiwa na mwaka na nusu, asiyegeuka akiitwa jina, asiyeunganisha maneno mawili akitimiza miaka miwili, au aliyekuwa akisema kisha akaacha, apelekwe kliniki mapema. Wapo wanaozungushwa miaka kwa waganga wakiambiwa ni jini, na muda wa kusaidiwa unapita.

Yule mtoto sikumpokea. Nilimwomba mama amrudishe nyumbani akacheze mchanga, amlete akifika miaka mitano inshaallah. Alikubali. Kuhusu fimbo hakusema kitu.

Wabillahi tawfiiq.