Taulo la Mgeni

Watu wa mjini hupenda kupumzika siku mbili mashambani, katika hoteli ndogo zinazojiita walinzi wa miti na maji. Chumbani mgeni hukuta karatasi: Tumia taulo tena. Je, hiyo ni fadhila ama faida? Mwaka 1986 Mmarekani Jay Westerveld aliilaumu hoteli moja ya visiwa vya Fiji iliyowaomba wageni hivyo kwa ajili ya bahari, huku yenyewe ikizidi kujenga. Lakini tusicheke upesi. Maji yasiyomwagwa yamebaki kweli, hata kama mwenye hoteli alihesabu sabuni yake. Kosa ni kumwachia mgeni peke yake kujinyima. Mwenye kuomba atangulie kutenda. Nasi nyumbani, ambako mama huchota maji kwa jasho, tusiyamwage ovyo, hata pasipo karatasi ukutani.