Tendo Linapogeuka Kitu

Mwingereza akitaka kusema kwamba gari limeharibika njiani hutumia maneno mawili, "break" na "down": kitenzi, na kielezi kinachokisindikiza. Akitaka kulitaja tukio lenyewe, huyaunga yakawa "breakdown". Sauti nayo huhama, kwa kuwa katika kitenzi mkazo huwa kwenye kielezi, na katika nomino hurudi mwanzo wa neno. Katika maandishi safari hii mara nyingi hupita vituo vitatu. Maneno huanza yametengana, kisha hutiwa kistari kati yake, na mwisho huandikwa kama neno moja. Kamusi ya Shorter Oxford ilipotoa toleo lake la 6 mwaka 2007, iliondoa vistari katika maneno yapatayo 16,000, mengine yakaachwa yatengane na mengine yakaungwa moja kwa moja. Wanaosahihisha maandishi wataliona hili kuwa suala la tahajia tu. Mimi naona ndani yake swali la kale la falsafa: jambo lililotendeka likishapewa jina, limekuwa kitu kilichopo? Au tumelipa vazi la kitu ili tulishike, na chini ya vazi hilo hakuna ila watu waliotenda na watu waliotendwa?

Jibu jepesi, ambalo limerudiwa sana, ni kwamba nomino humficha mtenda. Ukisema "breakdown ya mazungumzo", husemi nani aliyevunja. Hoja hii haitoshi, na Kiswahili chenyewe kinaonyesha kwa nini. Sisi tunasema mazungumzo yamevunjika, sahani imepasuka, fedha zimepotea. Hivyo vyote ni vitenzi kamili, na mtenda hayumo. Kauli ya kutendeka humficha mhusika kwa ustadi ambao nomino nyingi za Kiingereza haziufikii. Basi ikiwa kosa ni kumficha mtenda, hatuna haki ya kuilaumu nomino peke yake. Lakini linganisha tena. Yamevunjika, yalivunjika, yatavunjika, huvunjika: mtenda hayupo, ila wakati upo, na kwa sababu upo bado tunaweza kuuliza yalivunjika lini, baada ya neno gani, kabla ya nani kuondoka mezani. "Breakdown" haina jana wala kesho. Kinachopotea hasa tendo linapogeuka nomino ni wakati, na wakati ukishapotea, swali la mtenda hukosa pa kuanzia.

Kiingereza kinatoa ushahidi wa hili kwa namna inayonivutia sana. Siku hizi watu wengi huandika "login" kwa kuunganisha hata pale wanapokusudia kitenzi, tendo la kuingia katika mfumo wa kompyuta. Nomino imeanza kukimeza kitenzi chake. Lakini mtu huyohuyo akitaka kusema kwamba aliingia jana, hulazimika kulifungua neno upya na kuandika "logged in", maneno mawili, kwa maana alama ya wakati uliopita haikubali kukaa mwishoni mwa kifurushi kilichofungwa. Wakati ndio unaolipasua neno. Tazama pia "passer-by", mpita njia. Wingi wake ni "passers-by", na "runner-up", anayeshika nafasi ya pili, huwa "runners-up". Alama ya wingi huingia katikati, kwa mtu, haiendi mwishoni kama katika "breakdowns". Pale ambapo mtenda ametajwa waziwazi ndani ya neno, sarufi inakataa kumzika. Hakuna mwanafalsafa aliyezipanga kanuni hizi. Zimetokana na mazoea ya vizazi vya wasemaji, nazo zinahifadhi tofauti kati ya kinachotokea na kilichopo ambayo mawazo yetu ya haraka huisahau.

Wapo waliolifikiria jambo hili kwa kina kabla ya Kiingereza kuwa lugha ya dunia. Wanasarufi wa Kiarabu wa Basra na wa Kufa walibishana kuhusu lipi ni shina, masdari au kitenzi. Watu wa Basra walishika kwamba masdari, yaani jina la tendo, ndiyo asili, na miongoni mwa hoja zao ilikuwa hii: masdari haifungwi na wakati maalumu, kitenzi hufungwa, na kisichofungwa hutangulia kilichofungwa. Watu wa Kufa walishika kinyume, kwamba kitenzi ndicho asili na masdari ni tawi lake. Ibn al-Anbari, aliyefariki mwaka 1181, aliukusanya mjadala huo katika kitabu chake cha hitilafu kati ya pande mbili. Hoja ya Basra ina uzuri wake wa kimantiki, na msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake imejaa masdari za Kiarabu kama safari na hesabu, hawezi kuipuuza. Lakini historia ya maneno haya ya Kiingereza inawaunga mkono zaidi watu wa Kufa. Kwa kawaida watu hutenda kwanza, wakasema wanavyotenda, na jina huja baadaye, likiwa limeacha wakati nyuma. Kutofungwa na wakati, kwa hiyo, si utukufu wa asili. Ni alama kwamba kuna kitu kimetolewa.

Hapa kuna pingamizi kubwa, na sitaki kulipita kwa haraka. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa megatani 15, zaidi ya mara mbili ya ilivyokadiriwa. Majivu meupe yenye mionzi yaliiangukia mashua ya uvuvi ya Wajapani, Daigo Fukuryu Maru, iliyokuwa na watu 23, na fundi wao wa redio, Aikichi Kuboyama, alifariki mwezi Septemba mwaka huohuo. Kiingereza kilikuwa na jina la majivu hayo, "fallout", kutokana na kitenzi cha kuanguka na kielezi cha kutoka. Kwa hoja niliyoijenga mpaka sasa, ningepaswa kusema kwamba jina hilo liliufuta mkono uliolipua. Lakini lilifanya pia kazi ambayo kitenzi kisingeiweza. Kitu chenye jina kinaweza kupimwa, kuchorewa ramani, kutafutwa katika maziwa na katika mifupa ya watoto, na kuwekwa mezani mbele ya serikali. Mwaka 1963 mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, anga za juu na chini ya maji ulitiwa saini Moscow, na hofu ya "fallout" ilikuwa miongoni mwa sababu zake. Nomino ilitoa mshiko. Bila mshiko hakuna mashtaka.

Mwanafalsafa Donald Davidson aliipa hoja hii umbo lake la kimantiki mwaka 1967. Alisema kwamba hata sentensi ya kawaida ya tendo, isiyo na nomino ya tukio, tayari inadai kwamba kuna tukio; ndiyo maana tunaweza kuliongezea sifa moja baada ya nyingine, kwamba lilitendeka polepole, usiku, kwa kisu, na bado tukawa tunazungumzia jambo lilelile moja. Basi nomino haiumbi kitu kipya, inataja kilichokuwepo. Nakubaliana naye kwamba matukio yapo. Ninachokataa ni hatua inayofuata kimyakimya, kwamba tukio lipo kama jiwe lilivyopo. Jiwe ukilikuta asubuhi huhitaji kujua jana lilikuwa wapi ndipo ulifahamu kuwa ni jiwe. Tukio ukilivua kabla na baada yake, hakuna kinachobaki. Kwa hiyo jina la tukio ni halali maadamu njia ya kurudi kwenye kitenzi iko wazi. Wapimaji wa "fallout" waliweza kurudi, kwani kuhusu majivu waliyoyapima bado waliweza kuuliza yalianguka lini na kutoka mlipuko wa nani.

Si kila neno linahitaji njia hiyo. Pikapu imefika kwetu kutoka "pick up", kuokota au kupakia, na msemaji wa Kiswahili hasikii kitenzi chochote ndani yake. Hakuna hasara, maana gari hilo lipo uwanjani na magurudumu yake manne, na hakuna haki ya mtu iliyofunikwa na jina lake. Hatari iko kwa maneno yanayotaja yanayompata mwanadamu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akihudumu katika kliniki ya bure New York, aliandika kuhusu wahudumu walioishiwa nguvu kwa kazi, na katika anwani ya makala yake neno lilikuwa bado na kistari: "burn-out". Leo kistari kimeanguka, na watu husema wana "burnout", kama mtu anavyosema ana malaria. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa magonjwa uliopitishwa mwaka 2019, lilikataa kuiita ugonjwa. Liliiweka kuwa jambo linalohusu kazi, litokanalo na mkazo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa. Ukisoma maneno hayo kwa makini utaona kilichofanyika: nomino imerudishiwa muda wake na mahali pake. Mtu anayesema ana "burnout" huelekezwa apumzike, ajitunze, abadilike yeye. Kiswahili cha mtaani humsemea mtu huyo kwa maneno mawili, kazi imemmaliza, na kitenzi hicho kimoja kinabeba kazi iliyofanya, wakati ilipofanya na mtu aliyefanyiwa. Anayekisikia huuliza ni kazi gani hiyo, ameifanya tangu lini, na nani anayepanga zamu zake.