Aangukaye Safuni

Huenda mtu akaanguka ghafula katikati ya safu, na walio kuliani na kushotoni kwake wakaendelea na rukuu na sijida zao hata imamu atoe salamu, wakidhani kuwa kukata sala ya faradhi ndiyo dhambi kubwa. Sivyo. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 660 wa Hijra (1262), amepambanua kuwa kumwokoa anayezama hutangulizwa mbele ya sala, kwani sala hulipwa. Na ambaye moyo wake umesimama ni kama anayezama, ila hayumo majini. Muda wake ni mchache mno: ubongo usiopata damu huanza kuharibika kwa dakika chache tu.

Basi aitwe, atikiswe mabega. Asipoitika, wala havuti pumzi sawasawa (na kule kukoroma kwa vipindi si pumzi, wengi hudanganyika nako), mmoja akimbilie kuita waganga wa hospitali. Mwingine apige magoti ubavuni pake, aweke kitako cha kiganja katikati ya kifua, na mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, afinye kwa nguvu mpaka kifua kishuke kadiri ya sentimita 5, kisha akiache kiinuke. Mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ajuaye kupuliza pumzi kinywani apulize mara 2 kila baada ya mara 30. Asiyejua afinye tu. Akichoka ampokee mwenziwe, mpaka ije mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Ubavu ukivunjika, mfupa huunga.

Wako wasemao: ajali yake imefika, mfumbeni macho. Ni nani aliyewaonyesha? Imamu Nawawi katika Minhaj ameagiza maiti aharakishwe kuoshwa kifo kikiyakinika, si kikidhaniwa. Ibn Abi Usaybia asimulia kuwa zama za Harun Rashid, Ibrahim bin Salih, jamaa ya Khalifa, alikwisha vikwa sanda. Tabibu wa Kihindi, Salih bin Bahla, akampulizia dawa puani kwa mivuo, akapiga chafya akaketi. Yamkini alikuwa amezimia tu. Lakini waliomvika sanda hawakuwa na shaka.

Na akianguka mwanamke asiye na maharimu karibu, mwanamume na amfinye kifua juu ya nguo zake. Dharura ina hukumu yake. Hapo hata udhu hautanguki, kwani ngozi haikugusana na ngozi. Na ukitanguka, maji yamo birikani.