Wajibu wa Mwenye Kufufua Kitu cha Kale

Mkulima aliyekwisha kubadili mpini wa jembe lake mara tatu, na bamba lake mara mbili, bado huliita jembe lile lile alilorithi kwa baba yake. Hatumcheki, kwa kuwa jembe ni la kulimia, na maadamu linalima, neno lake latosha. Lakini kitu kinapotunzwa ili kitukumbushe waliokifanya, swali huwa zito zaidi. Kikiisha kutengenezwa upya, je, ni kile kile? Na aliyekifufua ana wajibu gani kwetu sisi tunaokitazama?

Na tuchukue mfano wa mbali, ili tulipime jambo hili bila upendeleo. Baina ya vita kuu viwili vya dunia, aghalabu matajiri wa Ulaya hawakununua motokaa ikiwa kamili. Kiwanda kiliuza fremu, injini na magurudumu. Kisha mnunuzi akavipeleka kwa mafundi wa bodi, warithi wa wale waliounda magari ya kukokotwa na farasi. Mafundi hao walichonga kiunzi cha mbao, wakakivika mabati yaliyofuliwa kwa nyundo, wakapaka rangi tabaka juu ya tabaka. Hivyo motokaa moja ilikuwa na wazazi wawili.

Mojawapo ya zilizosifika sana ni Royale, kazi ya Ettore Bugatti wa Molsheim, nchini Ufaransa. Injini yake ilikuwa na silinda nane, na ujazo wa karibu lita 12.7. Bugatti alikusudia kuwauzia wafalme, wala hakuna mfalme aliyeinunua. Uchumi wa dunia ulianguka mwaka 1929, na katika Royale sita zilizokamilika, tatu tu ndizo zilizopata wanunuzi siku zile. Injini za namna hiyo zikafungwa katika magari ya reli ya Ufaransa, zikawachukua abiria wa kila siku. Chombo cha fahari kikapata heshima yake katika kazi.

Moja ya hizo tatu ilinunuliwa na daktari Mjerumani, Josef Fuchs, ikavikwa bodi mjini Munich na karakana ya Ludwig Weinberger. Baadaye ilifika New York. Huko maji yaliganda ndani ya injini kwa baridi kali, yakaipasua, na motokaa ikaishia penye vyuma chakavu. Mwaka 1943 ilinunuliwa na Charles Chayne, mhandisi wa General Motors. Alipomaliza kuifufua mwaka 1947, ilikwenda tena. Lakini penye kabureta moja palikuwa na nne, na rangi yake ilikuwa nyeupe, si ile ya awali. Sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, Marekani.

Je, Chayne alikosa? Wako wasemao kwamba rangi na mitambo ni kauli ya mafundi wa kwanza, na kuibadili ni kuwalisha wafu maneno wasiyoyasema. Wengine hujibu kwamba, lau si yeye, motokaa hiyo ingalikwisha kuyeyushwa. Pande zote mbili zina haki, na ndiyo maana yatupasa kuendelea kufikiri.

Tutazame Royale nyingine. Armand Esders, ambaye hakukusudia kuendesha usiku, aliundiwa motokaa ya wazi isiyo na taa za mbele, kwa sanaa ya Jean Bugatti, mwana wa Ettore. Baadaye bodi ile iliondolewa ikapotea, na fremu ikavikwa bodi nyingine. Miaka mingi ikapita, na makumbusho ya Mulhouse, Ufaransa, yakapata mfano wa ile iliyopotea, ulioundwa kwa kutumia vipuri vya Royale. Ipi basi ni motokaa ya Esders? Mwili wa kweli umevaa sura ngeni, na sura ya zamani imevikwa mwili mgeni.

Sisi twaona kwamba chuma peke yake hakiwezi kulijibu swali hilo. Mfano wa Mulhouse si udanganyifu, maadamu watazamaji huambiwa kuwa ni mfano. Wangefichwa, chuma kile kile kingekuwa uongo. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Wajibu wa kwanza wa mwenye kufufua ni kusema alichokuta, alichoondoa na alichotia.

Hata hivyo, kusema kweli hakutoshi. Aliyevunja na kuandika kwamba amevunja, bado amevunja. Rangi yaweza kurudishwa; bodi iliyotupwa hairudi. Kwa hiyo wajibu wa pili ni kiasi: tusiondoe kisichorudishika, ila pale ambapo kukiacha ni kukipoteza chote.

Mambo haya hayawahusu wenye motokaa peke yao. Tunapoifupisha ngoma ya usiku kucha iwe ya dakika kumi jukwaani, nasi twafufua. Si kosa kuifupisha, lakini ni kosa kumwachia kijana aamini kwamba babu zake walicheza kwa dakika kumi. Na yule mkulima atakuwa mkweli kwa mwanawe siku atakapompa jembe na kumwambia: jembe hili ni la babu yako, ila mpini huu nimeutia mimi.