Sabuni ya Krismasi



Juzi tulipokuwa tukihesabu sabuni na sukari za kuwapelekea wagonjwa wakati wa Krismasi, kijana mmoja wa kwaya aliniuliza, "Mwalimu, mgonjwa ana haja ya dawa na damu. Mche huu wa sabuni utamponya nini? Au tunajifurahisha sisi wenyewe?"

Sikuweza kumjibu papo hapo, maana swali lake ni la haki. Sabuni haiponyi. Basi twampelekea mgonjwa kwa sababu gani?

Hebu tutazame hospitali zetu zilivyo. Daktari hutoa dawa, lakini ndugu wa mgonjwa ndiye aletaye uji, amfuliaye nguo na kumgeuza kitandani. Aliye na ndugu karibu hapungukiwi sabuni. Anayepungukiwa ni yule aliye ugenini. Kabla ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 2015, wagonjwa wengi wa moyo iliwabidi wapelekwe India. Fikirini mtu wa Uluguru amelala huko, lugha ya muuguzi haijui, na sikukuu imefika. Mtu akiingia na sabuni mkononi, amemletea kile ambacho dada yake angemletea. Amesimama mahali pa ndugu. Hiyo ndiyo maana ya zawadi ile, wala si bei yake.

Lakini kama tunakwenda kwa jina la ndugu, yatupasa pia kuenenda kama ndugu. Hapo ndipo tunapojikwaa.

Kwanza, ndugu hamhukumu mgonjwa. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini kwetu Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota petroli, nalo likalipuka. Waliokufa, pamoja na wale waliofia hospitalini baadaye, walipita 100. Majeruhi walioungua vibaya walipelekwa Muhimbili, na Idi el Haji ya mwaka ule ikawakuta vitandani, mbali na kwao. Wakati huo wengi walisema, "Wamejitakia." Ndugu zangu, yule Msamaria hakumwuliza mtu aliyejeruhiwa kwa nini alipita njia ile peke yake. Mama wa kijana aliyeungua naye hakuuliza. Alitafuta nauli, akaenda. Asemaye "wamejitakia" na abaki nyumbani na sabuni yake.

Pili, ndugu hamfanyi mgonjwa kuwa maonyesho. Niliwahi kulazwa mbali na Mkuyuni wakati wa Krismasi. Kikundi kikaja, kila kitanda kikapewa furushi, tukaambiwa tuliinue juu tupigwe picha. Nami, mtu mzima niliyefundisha walimu, nililiinua kama mtoto wa shule ainuaye cheti. Mzee wa kitanda cha pili aligeukia ukutani, kwa kuwa hakuwa na shati. Picha ikapigwa hivyo hivyo, wakaimba, wakaondoka. Sabuni ile niliitumia, na ninaishukuru. Lakini mama mmoja wao alibaki nyuma. Akamwuliza mzee jina lake na kwao ni wapi, akaliokota shati lililokuwa chini ya kitanda, akaenda kulifua kwa sabuni ile ile. Sikukuu ikiisha kupita akarudi mikono mitupu, akaketi. Mzee alimwita "binti yangu."

Sabuni ilikuwa moja, lakini kwa wale wengine ilikuwa tikiti ya kupigia picha, na kwa mama huyu ilikuwa mlango wa kuingilia. Hata rafiki zake Ayubu, kabla hawajaanza kumlaumu, walifanya jambo jema. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu.

Basi, kijana wangu, jibu langu ni hili. Peleka sabuni, lakini jua kwamba umeahidi jambo kwa kuipeleka. Ukifika, mwulize muuguzi ni nani asiyetembelewa na mtu, uanzie kwake. Uliza pia nani hapaswi kula sukari. Simu yenye kamera iache mfukoni. Uliza jina. Na Januari, wakati sherehe zimekwisha na mvua zimeharibu barabara yetu ya kwenda mjini, rudi, hata kama huna cha kushika mkononi.

Kutoa ni moyo, walisema wazee, usambe ni utajiri. Nami naongeza kwamba kurudi ni moyo zaidi.

Bwana awabariki nyote.

Mwalimu mstaafu, Mkuyuni